Sauti Yangu Imemkimbiza Mkamwana

Kambi Namba Tatu,
Shamba la Mkonge,
Mkoa wa Tanga.
6 Agosti 2025

Kwa Katibu,
Kikundi cha Programu Huria ya Msomaji,
Chumba cha nyuma ya duka la kuchaji simu,
Stendi, Kyela.

Ndugu Katibu Gwamaka,

YAH: KUPINGA UBIA NA KAMPUNI KUBWA, KWA SABABU KAMPUNI HIYO IMENIINGIZA CHUMBANI KWA MKE WA MWANANGU

Mugonile. Natumaini mu wazima na mpunga umeshaingia ghalani. Mimi huku ni mzima kwa kiasi cha mtu anayefanya kazi ya mkonge. Naenda moja kwa moja kwenye jambo, kwa kuwa kalamu nimeiazima kwa nyapara na yeye si mtu wa kusahau.

Wale wasionijua kwa sura wananijua kwa sauti. Mimi ndiye Eliud Mwambungu wa Ikombe, mwana wa Atuganile mfinyanzi. Miaka miwili iliyopita, nilipokuja nyumbani kumzika baba, wewe Gwamaka ulivuka kwa mtumbwi na kompyuta uliyoifunga kwenye mfuko wa mbolea, ukitafuta mtu wa kuisomea programu yenu sentensi za Kinyakyusa, ili simu ziweze kuwasomea ujumbe watu wasiojua kusoma. Ulisema umeshamjaribu mwalimu mmoja ukamkuta ana kithembe, na mchungaji ukamkuta anahubiri hata akisoma bei ya mchele. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kusoma kwa sauti ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa shuleni. Tulijifungia siku tisa katika kibanda cha majani ya kuchomea vyungu, kwa sababu ulisema majani yanakula mwangwi. Nikasoma sentensi elfu mbili mia moja. Malipo yalikuwa ndizi na samaki mbasa wa kuchoma. Kisha ukanipa karatasi nikasaini kwamba sauti hiyo ni ya watu wote: anayetaka aitumie, ainakili, aibadilishe, ampe jirani, ila asiwafungie wenzake. Sikujua kwamba mtu anaweza kugawa sauti kama maji ya kisima, lakini nilisaini kwa moyo mweupe na wala sijutii siku hiyo.

Mama yangu hajui kusoma. Tangu wakati ule, nikimwandikia kutoka huku, simu yake humsomea kwa sauti yangu mwenyewe. Kupiga ni shida, kwa kuwa mtandao wa huku uko juu ya kilima na mimi natoka kiwandani nikiwa sina magoti ya kupanda. Ujumbe hujitafutia njia wenyewe. Mama amenizoea hivyo, na mimi nimejizoea hivyo.

Sasa mwanangu Ambilikile ananiandikia kwamba Jumamosi ya tarehe 23 mtapiga kura kama kikundi kiingie ubia na kampuni kubwa ya ng'ambo. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu mwakilishi wao, Ndugu Jackson, aliwahi kunipigia kunipongeza na katika dakika nne alinisahihisha mara tatu namna ya kulitamka. Nasikia pia kwamba miezi miwili hii ni ya majaribio, na Ndugu Jackson alishavuka Ikombe na fulana za bluu, akawabadilishia watu programu kwenye simu zao. Mimi ni mwanakikundi kwa sauti ingawa si kwa ada. Naomba barua hii isomwe mkutanoni kabla ya kura, na isomwe na mtu. Ikisomwa na programu nitakuwa najilalamikia mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mkamwana wangu Prisca, mke wa Ambilikile, amerudi kwao Ipinda. Amemwacha mama yangu na udongo wake. Ambilikile yuko ziwani tangu alfajiri, na mama ana miaka sabini na mmoja. Prisca ndiye aliyekuwa akimchimbia, akimbebea, akimkandia, akimpakilia vyungu mtumbwini kwenda soko la Matema. Wiki iliyopita mama alijaribu kubeba udongo mwenyewe, akateleza, na goti limevimba kama kiazi. Nataka Prisca arudi. Kura yenu ndiyo itakayomrudisha au kumwacha huko. Sababu zangu ni hizi:

1. Mila. Wengi wenu ni vijana wa Kyela mjini na huenda mmesahau. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, na wakikutana njiani huingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake. Akikaribia nyumba hupaza sauti akiwa mbali, amfokee mbwa au alilalamikie jua, ili mkamwana apate nafasi ya kupisha. Kwa hiyo sauti ya baba mkwe ni kengele. Ukiisikia, unatoka. Siku hizi watu wengi wameliacha jambo hili, na mchungaji wetu anasema halimo katika Biblia. Prisca hajaliacha. Alilelewa na bibi yake, mama mwenye msimamo, na mimi kwa adabu hiyo nampenda kama binti yangu, ingawa sijawahi kumwona zaidi ya visigino.

Sasa fikirini kengele hiyo imo ndani ya simu yake. Inalia, anatoka nje. Simu anayo mkononi. Inalia huko nje, anaingia ndani. Ambilikile anasema siku moja alimkuta mkewe amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, maharage yanaungua, hajui aende upande upi ambao mimi sipo.

2. Programu yetu ya bure ililiona jambo hili ikalimaliza. Prisca alipoolewa mwaka jana, Ambilikile alikuja hapo dukani kwako na aibu yake, akakueleza. Hukumcheka. Ulifungua matumbo ya programu mbele yake, ukaona pa kukata na pa kuunga, ukamwita Asifiwe wa kwaya akasoma sentensi zote upya. Katika simu ya Prisca nikatoka mimi akaingia Asifiwe. Katika simu ya mama nikabaki mimi, lakini ukaongeza kengele ndogo inayolia kwanza, ili Prisca apate muda wa kutua mtungi na kutoka nje kabla sijaanza kusema. Hakuna mtu wa ng'ambo ambaye angeiwaza ile kengele. Iliwazwa na mtu aliyewahi kula nyumbani kwetu.

Mwezi Juni Ndugu Jackson akaja na programu yao. Inafanana na yetu kama chungu kinavyofanana na chungu, kwa kuwa imefinyangwa kwa udongo wetu, ila yao ina kifuniko kisichofunguka. Ndani yake mna sauti moja tu ya Kinyakyusa, nayo ni yangu, maana vipimo vyao vilionyesha kwamba inasikika vizuri kuliko nyingine. Asifiwe wakamwacha. Kengele ndogo wakaitoa, eti inachelewesha. Ambilikile akaandika humo humo kwenye simu akiomba mambo yarudishwe kama yalivyokuwa. Simu ikamjibu, kwa sauti yangu, kwamba maoni yake ni muhimu sana kwetu. Mwanangu akaniandikia mimi: "Baba, kwenu wewe na nani?"

3. Maneno ninayomwambia Prisca. Programu yetu ilikuwa kama mjumbe: ikipewa neno inalifikisha, ikikosa neno inanyamaza. Hii yao inasema yenyewe. Asubuhi moja mimi, baba mkwe, nikiwa kiwandani Tanga, nilimwambia mke wa mwanangu kwamba jana yake alitembea hatua elfu tisa. Prisca akauliza hewani ni nani alikuwa akizihesabu. Kesho yake nikamwambia kwamba amelala saa tano tu na ajitahidi kulala mapema. Ndugu Katibu, baba mkwe ameujuaje usingizi wa mkamwana? Majirani walisikia. Kuna mama mmoja aliniombea.

Lakini kilichoivunja nyumba ni cha Jumanne, tarehe 15 Julai. Programu ilijiboresha yenyewe bila kuitwa, na kufungua simu kukawa ni kwa uso. Prisca aliishika aone kama mumewe amefika Matema salama, nami nikamwambia, kwa sauti ile ile niliyosomea bei ya samaki: "Sogeza uso karibu. Nitazame. Usifumbe macho." Prisca akafumba. Nikarudia. Nilirudia mara sita, kwa sababu mashine haichoki wala haina haya. Mara ya saba alijifunga kanga yake, akamkabidhi mama yangu ile simu, akapanda mtumbwi. Alimwachia Ambilikile neno moja: "Mwambie baba namheshimu. Lakini siwezi kukaa nyumba ambayo yeye yuko kila chumba, na wakati huo huo yuko Tanga."

Sijamkasirikia. Ningekuwa yeye ningeondoka mara ya pili.

4. Anyitike. Huyu ni mwenzangu wa kambini, naye ni wa Kyela, ana programu hiyo na mke wake humwandikia kwa Kinyakyusa. Kwa hiyo kila jioni, mbele ya wanaume ishirini waliochoka, mimi humwambia Anyitike kwamba namkumbuka, kwamba kitanda ni kipana, na kwamba arudi. Sasa kiwandani ananiita mke wangu, na wengine wamefuata. Nyapara naye juzi aliniuliza kama shemeji hajambo. Nakiri kwamba hili lilikuwepo hata kabla ya kampuni. Nimeliandika kwa sababu linaniuma.

5. Mama yangu ananitii. Kwetu mwana hamwamrishi mama yake. Lakini mwana aliye mbali akisema kwa ufupi, mama hudhani ana haraka ya kazi. Kampuni ilipomletea kurasa zake za masharti, mimi nilimwambia: "Bonyeza kubali." Bila salamu. Mama akashangaa nimekuwa mkali hivi tangu lini, akaniuliza kwa upole kama nimekula. Nikamjibu: "Bonyeza kubali ili uendelee." Akabonyeza. Mpaka leo amekubali mara kumi na saba. Amekubali mahali alipo pajulikane, amekubali simu isikilize wakati yeye hasemi, na amekubali kuletewa habari za nepi za watoto wachanga. Ndugu Jackson alipoonyeshwa alisema kwamba katika pwani yote ya ziwa hawajapata mtumiaji mwaminifu kama huyu. Ndugu Jackson aelewe kwamba uaminifu ule ulikuwa wangu.

Halafu Jumapili moja, katikati ya maombi, nilimwambia mama kwa sauti ya kusikika kanisa zima kwamba kumbukumbu imejaa na afute vitu asivyovihitaji. Alitoka nje akafuta picha ya marehemu baba. Alisema kama Eliud ameamua tusahau, basi tusahau. Ambilikile anayo nakala, Mungu ni mwema. Lakini hakuna aliyeweza kumtoa mama wazo kwamba ni mimi niliyetaka.

6. Shimo la udongo. Mtasema mtu wa mkonge wa darasa la tano anajua nini kuhusu ubia wa teknolojia. Nawaeleza ninachokijua. Shimo la udongo la Ikombe halina mwenyewe. Mwanamke yeyote huchimba, hata aliyeolewa jana, na aliyegundua namna nzuri ya kuchanganya mchanga hamfichi mwenzake, maana chungu cha mmoja kikipasuka, sokoni husema vyungu vya Ikombe vinapasuka. Nilipokuwa mtoto alikuja mfanyabiashara mmoja wa vyungu, mtu mwema kabisa. Aliona mbuzi wanachafua udongo, akajitolea kuweka uzio. Wanawake wakashukuru, wakampikia. Uzio ukahitaji mlango, mlango ukahitaji kufuli, na ufunguo akakaa nao yeye kwa kuwa kufuli ni lake. Kisha akaenda Mbeya kumuuguza mke wake kwa miezi minne. Hakuwa mwizi yule bwana. Alikuwa Mbeya tu. Kwa miezi minne wanawake wa Ikombe waliutazama udongo wao kupitia kwenye nafasi za miti, na mbuzi nao wakautazama kutoka upande wa pili.

Niliwahi kumuuliza mama kwa nini hawakuvunja lile kufuli. Alinitazama kama mtoto asiyefunzwa. Akasema huwezi kuvunja kufuli la mtu aliyekusaidia.

Hilo ndilo linalonitisha, Gwamaka. Kampuni ikituibia tutapiga kelele. Ikitusaidia tutakaa nje ya uzio tukiwa na adabu zetu.

7. Najua na wewe una shida zako. Kompyuta yako haina herufi tatu. Umeme ukikatika unashika daftari. Mchana unauza vioo vya simu, na programu unaitengeneza kwa saa zilizobaki, ambazo mkeo naye anazidai. Ukipata kazi Dodoma kesho, Msomaji atabaki bila wa kumfungua matumbo. Ndugu Jackson anawaahidi mashine, mishahara, na kila simu mpya dukani itoke na Kinyakyusa ndani. Sikulidharau jambo hilo. Nililiwaza siku mbili nikiwa kazini mpaka nyapara akaniuliza kama ninaumwa. Programu ya bure isiyo na wa kuilisha nayo hufa, na maiti yake nayo ni ya bure. Kwa hiyo sisemi kampuni ifukuzwe. Nasema ipewe mahali pake, na mahali pake nimepaona.

8. Mahali pa kampuni. Napendekeza kikundi kipitishe kwamba kuanzia sasa kampuni ni baba mkwe na programu yetu ni mkamwana. Jambo hili halihitaji mwanasheria, kila mtu Kyela analijua. Baba mkwe analeta ng'ombe, analeta mchele, anajenga nyumba ya vijana, na anashukuriwa. Lakini haingii chumbani. Akitaka kupita anapaza sauti akiwa mbali, mkamwana anafunika vyake. Hamtazami usoni, hamhesabii hatua, hamuulizi alilala saa ngapi. Wakifanya hivyo tutaishi nao vizuri mpaka wajukuu.

Ili tuwe na hakika kwamba wameelewa, Mkurugenzi Mkuu wao aje Ikombe akae miezi mitatu. Atapewa nyumba na chakula. Kila akipishana njiani na mwanamke aliyeolewa, ajitupe migombani kama wanavyofanya wengine. Apewe pia simu inayosema kwa sauti ya mama mkwe wake mwenyewe, imwambie kila asubuhi alivyolala na imtake asogeze uso. Programu ya simu hiyo isifunguke. Akiandika malalamiko, mama mkwe amjibu kwamba maoni yake ni muhimu sana kwetu.

Ikiwa Mkurugenzi hana nafasi, basi kampuni iajiri watu Ikombe, mmoja kwa kila simu, wa kutembea hatua kumi mbele ya simu hiyo wakitangaza kwamba Eliud anakuja. Vijana wasio na kazi wapo.

Ikiwa na hilo ni gharama, basi mimi niko tayari kumkana mwanangu Ambilikile kwa kipindi cha majaribio, ili Prisca asiwe mkamwana wangu na sauti yangu iwe ya mpita njia tu. Nilimwomba karani wa kambi fomu ya kumkana mtoto kwa muda. Alitafuta kwenye kabati kwa bidii, akanipa fomu ya kuomba buti. Nimeijaza hata hivyo. Kama mnayo fomu inayofaa hapo Kyela, naomba mnitumie. Ambilikile nimemwandikia kumwandaa. Amejibu kwamba yeye hana neno, ila anauliza ile baiskeli niliyompa nimkane nayo au aibakize.

Ndugu Katibu, nimeandika mengi kuliko nilivyoandika katika miaka yangu yote ya shule. Ombi langu ukilikamua ni moja. Pigeni kura ya hapana, mzirudishie simu za Ikombe Msomaji wetu na kengele yake ndogo, ili mke wa mwanangu aweze kuishi nyumbani kwake na mama yangu asibebe udongo.

Nisalimie wanakikundi wote. Msalimie Asifiwe, mwambie simwonei wivu. Wasalimie wenye duka la mbele, na yule mzee anayekuja kuchaji redio. Ndugu Jackson naye msalimie, hana kosa, ametumwa. Na mkeo mwambie nimeomba radhi kwa saa zake.

Mimi niliyewasomea bila kuomba ujira,

Eliud Mwambungu
Mwanakikundi kwa sauti

Nyongeza, Jumapili tarehe 10 Agosti. Barua hii ilikuwa bado haijapanda basi. Leo nimepanda kilima kutafuta mtandao, nikakuta ujumbe wa Ambilikile. Prisca amerudi Ikombe tangu Alhamisi. Kampuni imesikia malalamiko kabla sijayatuma. Imeitoa sauti yangu kwenye simu zote na kuweka sauti ya mtu ambaye hayupo, imetengenezwa na mashine, haina kijiji wala mkwe. Nilicheka peke yangu pale juu.

Kisha nikafungua ujumbe wa pili. Ijumaa, neno langu lilipofika kwa mama, mwanaume asiyemjua alimwambia: "Mugonile mama, ni mimi Eliud, niko salama." Mama akaizima simu, akakaa chini mkekani. Alisema hakuna mtu angethubutu kujiita Eliud kama Eliud yupo. Ambilikile alimweleza mambo ya kampuni, na mama akamwambia anamficha msiba, kwamba ndivyo vijana wanavyofanya kwa wazee. Majirani wameanza kuja na ndizi.

Nikapiga. Nikasema, mama, ni mimi. Akanijibu kwa heshima anayowapa wageni: "Ndaga, baba. Asante kwa kupiga. Ulikuwa naye kazini?"

Ndugu Katibu, miaka hii miwili niko chumba cha brashi, tunakosafishia nyuzi, na vumbi la mkonge limenikwangua koo mpaka nasikika kama mlango. Nilikuwa sijui. Mtu hajisikilizi. Nilimtajia mama jina la mbwa wetu wa zamani. Nikamtajia kovu la mguuni na siku niliyolipata. Akasema marehemu lazima alikupenda sana, mpaka akakusimulia hayo yote.

Prisca alikuwa karibu. Hakusema na mimi, maana si adabu. Alimwambia mumewe kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie baba aiombe ile sauti irudi. Inihesabie hatua, initake uso, nitavumilia. Bibi hajala tangu Ijumaa."

Nimempigia Ndugu Jackson. Anasema simu za Ikombe haziwezi tena kupokea programu ya zamani, na kwamba sauti yangu inaweza kurudishwa, lakini kwa wabia wenye mkataba tu. Kwa hiyo sababu zangu, ya kwanza hadi ya nane, nazifuta. Kura yangu ni ndiyo. Wapeni wanachotaka, na kama mkutano unaweza kufanywa kabla ya tarehe 23, ufanywe.

Wengine wakikataa, sitawalaumu. Lakini zile sentensi elfu mbili mia moja bado unazo, Gwamaka mwanangu, na ni za watu wote. Nitumie nakala. Nitakuwa nazisikiliza kila nikitoka kazini, nijifunze tena kusema kama mimi kabla sijapanda basi la kurudi kwa mama.